Siku Mkalimani Aliponyamaza

Nyakoe,
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Goti linaendeleaje? Uliniambia linakusumbua ukishuka kwenye majani chai, na tangu wakati huo mvua haijatupumzisha, kwa hiyo nimekuwa nikikuwazia. Huku tu wazima. Mama mkwe wangu, Nyanchoka, anakusalimu sana. Okemwa bado yuko Narok kikazi, na tunamtarajia mwisho wa mwezi ujao.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nyumba yetu inatazamana na ya wakwe, na nikipiga simu boma zima linasikia. Isitoshe, nikianza kulia wewe hushiki neno. Nitakuwa nikiacha bahasha kwenye ofisi ya vifurushi vya Nyamira. Naandika Kiswahili kwa sababu Ekegusii chetu sikuzoea kukiandika, na Kiingereza ndicho kilichoniletea taabu yenyewe.

Mama mdogo, naogopa kazi itanitoka.

Ushirika wetu wa wakulima wa ndizi, ninakofanya ukarani, ulipata meneja mpya baada ya Krismasi. Anaitwa Bwana Gulled. Alizaliwa Kisii mjini, na mama yake, Bi. Ladan, ana duka la vitambaa huko hadi leo, lakini yeye alipelekwa Uingereza akiwa mtoto, akasomea huko, akarudi juzijuzi. Ekegusii hajui kabisa. Kiswahili chake kinatosha kuomba chai. Si mtu mbaya, sitamsingizia. Shida ni kwamba mimi Kiingereza nilikifaulu shuleni na chuoni, na kile anachosema yeye sikukisoma popote.

Wiki ya kwanza aliniambia nivute soksi zangu juu. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi. Nikaangalia miguu yangu, naye akaiangalia. Baadaye nikamweleza kwamba wakulima hawaiamini mizani mpya kwa sababu imewekwa mahali wasipoweza kuisoma, akaniambia nimeugonga msumari kichwani. Nikamwomba msamaha. Akauliza naomba msamaha wa nini. Nikamwomba msamaha kwa kuomba msamaha. Na juzi amesema kumbukumbu zangu za mkutano si kitu cha kuandika nyumbani, na mimi hapa naandika nyumbani.

Muda wangu wa majaribio unaisha Aprili. Kamati ndiyo inayoajiri, lakini hufuata pendekezo la meneja. Na unajua mwenyekiti wa kamati ni nani: baba mkwe, Mzee Alfayo Obwocha. Siku ya usaili wangu alitoka chumbani, asije akasemwa. Nikifukuzwa, aibu itampata na yeye hakunisaidia kwa lolote. Halafu, Mama mdogo, hapa bomani mimi ni mke wa Okemwa. Ofisini naitwa Drusilla. Sitaki kuupoteza mlango huo.

Ulikuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Nifundishe kuielewa misemo hii kabla haijanifukuzisha.

Mwanao,
Drusilla


Nyamira,
9 Machi 2025

Drusilla mwanangu,

Goti lipo na mimi nipo, tunavumiliana. Nimefurahi kusikia mko salama. Msalimu Nyanchoka, mwambie yale maharagwe aliyonitumia yaliota yote.

Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nisamehe. Sasa kaa vizuri nikwambie. Soksi ni kwamba ujitahidi zaidi, basi. Msumari, ewe mjinga wangu, alikuwa anakusifu: ulitaja jambo lenyewe hasa. Hivi kweli umemwomba msamaha mtu anayekusifu? Na hicho cha kuandika nyumbani maana yake ni kazi ya kawaida, si mbaya, wala si ya kupigiwa makofi.

Usidhani wewe ni wa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza mahakamani, hakimu alisema kesi fulani ni dhoruba ndani ya kikombe cha chai, yaani kelele kubwa kwa jambo dogo. Mimi kwa uaminifu wote nikamwambia mshtakiwa, mzee wa watu kutoka Nyamache, kwamba mheshimiwa anaona dhoruba kikombeni. Mzee akainua mkono wa kuume akaapa kwamba hajavunja kikombe cha mtu yeyote. Kesi ilikuwa ya mbuzi.

Kuanzia siku hiyo niliacha kutafsiri maneno nikawa natafsiri nia. Sikiliza sauti ya mtu, mwangalie uso, tazama kilichotokea kabla hajafungua mdomo. Na sisi wenyewe tuko vipi? Tunakula hasara, tunakula kiapo, tunapiga simu, tunapiga pasi, na hakuna aliyewahi kupelekwa hospitali. Mtu akikwambia amekula hasara, unamuuliza kama ilikuwa na chumvi?

Usipoelewa, muulize. Muulize waziwazi, palepale. Mahakimu wangu wote niliwauliza, na hakuna aliyenila.

Mama mdogo wako,
Phanice


Nyakoe,
23 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Natumaini baridi ya asubuhi imekuhurumia wewe na goti lako. Huku tunakohoakohoa, lakini hakuna aliyelala kitandani.

Nimemuuliza! Aliniambia tutacheza kwa sikio, na badala ya kuitikia kwa kichwa kama kuku nikasema, "Samahani Bwana Gulled, hiyo ina maana gani?" Akaduwaa, kisha akacheka, si kwa kunicheka, akasema maana yake tutaamua kadiri mambo yanavyokwenda. Akaongeza kwamba hakuwa anajua anasema hivyo. Tangu siku hiyo wakati mwingine anajikatiza mwenyewe: "Wait, Drusilla, that's another one."

Sasa amenipa kazi iliyoninyima usingizi. Mkutano mkuu wa wanachama ni Alhamisi tarehe tatu. Yeye atahutubia kwa Kiingereza, nami nitasimama kando yake niwatafsirie wanachama kwa Ekegusii. Ukumbi wa kanisa utajaa. Amesema nikifanya vizuri hatakuwa na sababu ya kunizuia. Kisha akaniambia nivunje mguu. Nilikuwa tayari: nikamuuliza kama ndiyo kunitakia heri, akasema ndiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni jambo la lori. Mnunuzi wa Nairobi alitaka kuchukua ndizi Jumapili alfajiri, na kamati ikakubali bila kuwaza. Wewe unajua sisi. Wanachama karibu wote ni Wasabato. Nani angeingia shambani Jumamosi na panga? Lori lilifika, mikungu bado iko migombani, likaondoka nusu tupu, na sasa mnunuzi ananung'unika. Bwana Gulled ana hasira, na anataka liwekwe wazi mbele ya watu wote. Mzee Alfayo ndiye mwenyekiti, kwa hiyo atakaa mbele kabisa.

Niombee.

Mwanao,
Drusilla


Nyamira,
28 Machi 2025

Mwanangu,

Nina haraka, watu wa chai wananingoja, lakini afya ni njema na barua yako imenipa nguvu za wiki nzima.

Kunywa uji kabla ya kwenda. Simama mahali unapouona mdomo wake. Mwambie asimame kila baada ya sentensi, maana hao wakishika kasi hawakumbuki kuna mtu anayewafuata kwa miguu. Usikimbie. Ukumbi utakungoja, kwani wewe ndiye mlango wao.

Unaweza. Niandikie mara tu mtakapomaliza.

Mama mdogo wako,
Phanice


Nyakoe,
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mama mdogo,

Nakusalimu, na nakuombea uwe mzima, kwa sababu mimi si mzima ingawa siumwi popote.

Mkutano umevunjika, na mimi ndiye niliyeuvunja.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Alikuwa anasimama kila baada ya sentensi. Alipotania, watu walicheka kwa Ekegusii mahali palepale alipotaka wacheke kwa Kiingereza. Nilimwona Nyanchoka nyuma akimgusa mwenzake: yule ni wetu.

Kisha akafika kwenye lori. Sauti ikapanda. Akasema, na utanisamehe, nitaliandika mara hii tu, kwamba kamati ilikutwa suruali ikiwa chini, "starting with our chairman," na akanyoosha mkono kumwonyesha Mzee Alfayo.

Mama mdogo, maana yake niliijua. Kukutwa bila kujiandaa, hakuna zaidi. Ningeweza kuyasema hayo kwa Ekegusii kwa maneno matatu safi. Lakini walimu walioko ukumbini walikuwa wameshaelewa Kiingereza chake. Mama mmoja akajifunika uso kwa leso. Mwingine akasema, "Yesu!" Na Mzee Alfayo mwenyewe alifanya kazi na Wazungu kwenye mashamba ya chai ya Kericho, hakuhitaji kutafsiriwa.

Mimi ni mke wa mwanawe. Huyu ni mzee ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu na hatakanyaga. Tukikutana njiani napisha. Hatushikani mikono hata Sabato. Unaijua chinsoni, ile haya na heshima baina ya wakwe, kuliko mimi, wewe ndiye uliyenifundisha nilipoolewa namna ya kumheshimu mkwe. Na sasa watu wote wale walikuwa wananitazama mdomo, wakingoja mimi, mimi hasa, niichukue sentensi ile yenye jina lake niiwekee sauti yangu. Hata ile maana safi ingetoka na harufu ya maneno yale.

Nikaweka kipaza sauti mezani. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yangu nikasikia kiti kinasukumwa: Mzee Alfayo naye ameteremsha kofia hadi machoni, anatokea mlango mkubwa. Na Bwana Gulled anauliza, "What? What did I say?" na hapakuwa na mtu wa kumtafsiria.

Watu wakaenda nyumbani.

Jioni alinitumia ujumbe: Jumatatu asubuhi, ofisini, tuongee. Hakuna msemo hata mmoja ndani yake, na hicho ndicho kinachonitisha. Karani mwenzangu anasema amemsikia akilalamika kwamba mimi na baba mkwe tulipanga. Kwamba nilitoka ili kumlinda mwenyekiti asijibu swali la lori. Nitamwambiaje kwamba sivyo? Nitamwelezaje jambo ambalo hata kulitaja siwezi?

Na hapa nyumbani sijui nimeonekanaje. Pengine Mzee anaona nilipaswa kuokoa jambo, niseme lolote, si kumwacha ameketi pale. Siwezi kumuuliza. Nyanchoka amenipa ugali jana usiku bila kusema neno.

Nishauri kabla ya Jumatatu, tafadhali.

Mwanao,
Drusilla


Nyamira,
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Drusilla mwanangu, mwanangu wa pekee,

Mungu akupe afya na moyo. Barua yako nimeikuta leo adhuhuri. Ililala ofisi ya vifurushi mwisho wa juma wote, na Ijumaa jioni wanafunga mapema, nilipaswa kukumbuka. Kwa hiyo saa hii Jumatatu yako imeshapita, na mimi niliyekuwa na maneno mengi sina la kukusaidia.

Nitasema tu ninavyofikiri. Hukukosea. Nami nakushangaa kwamba ulipata nguvu ya kutembea, mimi ningeanguka. Nilikwambia utafsiri nia, usitafsiri maneno, na ni kweli, lakini sikukumbuka kwamba anayetafsiri ana mwili, na amesimama mahali fulani mbele ya mtu fulani. Mahakamani jambo kama hilo likitokea tuliomba ruhusa, akaitwa mkalimani mwingine, na hakimu hata kama ni mtu wa mbali alikuwa ameshaelezwa na waliomtangulia. Huyu meneja wako nani amemweleza? Amekulia Ulaya.

Kama amekufukuza, njoo. Kitanda kipo. Kama hajakufukuza, njoo vilevile, Okemwa akija mwambie akulete.

Niandikie hata neno moja, upo kazini au hupo. Sitakula vizuri hadi nijue.

Mama mdogo wako,
Phanice


Nyakoe,
Jumapili, 20 Aprili 2025

Mama mdogo mpendwa,

Nipo. Sasa kula, tafadhali, kisha uendelee kusoma.

Nisamehe kwa kukuweka. Nilitaka nisikuandikie nusu ya habari, na nusu ya pili imefika Alhamisi tu. Natumaini u mzima, na goti, na ng'ombe. Mimi nimeanza kulala usiku.

Jumatatu ile nilifika ofisini nikakuta mwanamke amekalia kiti changu. Mama mnene, mtandio wa kahawia, bangili hadi hapa. Bwana Gulled alikuwa amesimama dirishani kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Wewe ndiye Drusilla?" akaniuliza. "Keti, mwanangu. Huyu atasimama."

"Mama, please."

"Nyamaza. Yako ulishayasema Alhamisi."

Ndiye Bi. Ladan. Jumapili walikuwa wanakula, mwanawe akaanza kumlalamikia jinsi mkalimani alivyomwachia mkutano. Akamuuliza alikuwa amesema nini hasa. Alipomwambia, akaacha chakula. "Nikamuuliza, mbele ya mkwe wake? Ananiambia, mkwe ni nini tena. Miaka yote hii nauza vitambaa kwa akina mama wa Kisii! Namjua mke wa mwana anaposimama, namjua mzee anapopita. Nimemsomesha huyu kila kitu isipokuwa watu anaoishi nao." Kisha akamgeukia. "Muulize sasa. Ulitaka kumuuliza."

Bwana Gulled akaniuliza kama nilijua maana ya ule msemo. Nikasema nilijua.

"Then why didn't you just tell them?"

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule, polepole: kwamba yeye aliona maneno tu, mimi nilimwona baba mkwe. Kwamba sikupanga na mtu. Kwamba jambo la lori ni kweli, na lilipaswa kusemwa, na ningelisema lote kama lingekuja na nguo zake. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi, Mama mdogo. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshajihesabu kuwa nimefukuzwa.

Akaketi kwenye dawati, akajishika kichwa. Akasema, "I'm sorry," na hakupamba kwa lolote. Alisema kweli alidhani tumempangia njama, na siku tatu zile alikuwa akiandika kichwani barua ya kuniachisha kazi. Akauliza afanye nini. Nikamwambia hotuba nizione siku moja kabla. Na kuhusu Mzee Alfayo, hilo alibebe mwenyewe hadi kwake, mimi siwezi kulibeba.

"Umesikia?" Bi. Ladan akasema. "Andika, wewe si msomi?" Na akaandika!

Walikwenda kwa Mzee jioni ileile, mama na mwana. Mimi nilijifungia nyumbani kwangu nikakaa kwenye kigoda nikisikiliza. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha nikasikia Bi. Ladan anazungumza Ekegusii, tena kile cha sokoni, cha kupunguza bei. Kisha nikasikia Mzee Alfayo anacheka. Mama mdogo, kwa kicheko kile nikafungua dirisha nisikie vizuri.

Nyanchoka akaja baadaye na chai. Akasema Mzee anasema Ulaya ni mbali sana, mtu akitoka huko apewe muda. Nikamuuliza kwa woga, na mimi je? Akanishangaa. "Wewe una nini? Tangu Alhamisi anasema mtoto alitoka vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Ungepita mlango mkubwa, mbele yake, hapo tungekuwa na maneno. Si ulipita wa pembeni?"

"Na ule ugali wa kimya?"

"Nilikuwa naumwa jino."

Siku zote zile, Mama mdogo! Nilikaribia kumwagia chai kwa kucheka.

Mkutano ulirudiwa Alhamisi iliyopita. Hotuba niliisoma kabla, nikaitoa misemo mitano, akanililia mmoja tu nikamwachia. Alianza kwa kuomba radhi kwa wazee, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mtoto wa darasa la nne angeelewa, nami nikakipeleka kwa wanachama bila kujikwaa. Jambo la lori likasemwa lote. Kamati ikakiri kwamba ilikubali siku ile bila kuifikiria Sabato. Sasa ndizi zitakatwa Jumatatu, na lori litakuja Jumanne. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Nilidhani tumemaliza. Nikawa natafuta pa kuweka kipaza sauti, Mzee Alfayo akasimama. Hakunitazama, kama inavyopasa. Aliuambia ukumbi kwa Ekegusii kwamba jana yake kamati ilikaa, kwamba yeye alitoka nje wakati wa jambo hilo na wenzake wakaamua bila yeye, na kwamba ametumwa kusoma walichoamua. Akasema, "Mwambieni meneja kwamba karani wetu si wa majaribio tena."

Ukumbi wote ukanigeukia. Wa kumwambia meneja alikuwa ni mimi.

Nimetafsiri mambo mengi tangu Machi, lakini lile lilikuwa zito kuliko yote. Nilimgeukia Bwana Gulled nikalisema kama lilivyo, "the clerk", kana kwamba ni mtu mwingine ninayemfahamu kwa mbali. Nikamwona anafungua mdomo, na machoni mwake nikaona msemo unakuja, mkubwa, wenye farasi au mvua au kitu. Akaufunga mdomo. Akamtazama mwenyekiti, akanitazama mimi.

"Good," akasema. "I agree."

Nikageuka, nikawaambia wanachama kwa Ekegusii kwamba meneja amekubali.

Mwanao,
Drusilla